Mwiko na uma wa fedha wa mwaka 1880: herufi za wenyewe zifutwe au zibaki?

SWALI: Ninaishi Leicester, nyumbani kwetu Tanga. Kwa miaka kadhaa nilimhudumia mama mmoja mzee nyumbani kwake. Alipofariki, wanawe walinipa kumbukumbu: kisanduku chenye mwiko mpana wa kupakulia samaki na uma wake mkubwa. Mipini ni myeupe iliyoingia unjano. Mabapa yake yamechorwa majani ya kangaga, na katikati kuna herufi tatu zilizosukwa pamoja, E, M na H. Nyuma kuna alama ndogo ndogo: RM juu ya EH, taji, simba, herufi N, na kichwa cha mwanamke. Binti yangu anaolewa Dar es Salaam mwezi wa kumi na mbili na nataka kumpa zawadi hii. Fundi mmoja amesema atazifuta herufi kwa mashine na kuandika jina la binti yangu. Mnunuzi mwingine anataka kuvichukua kwa uzito. Ni fedha kweli? Na nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuondokewa na mama huyo, na asante kwa kuuliza kabla fundi hajawasha mashine. Nianze na jibu lenyewe: herufi zisifutwe, na kisanduku kisipande ndege mpaka ujue mipini hiyo imetengenezwa kwa kitu gani. Hayo mawili ndiyo ya haraka.

Kuhusu swali la kwanza, ndiyo, ni fedha kweli, na alama ulizozinakili zinaeleza mengi. Simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele ameuinua, ndiye shahidi mkuu. Uingereza humpiga simba huyo juu ya fedha iliyopimwa na kukutwa na sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000, na simba huyo alianza kupigwa 1544. Sehemu 75 zinazobaki kwa kawaida ni shaba, maana fedha tupu ni laini mno, mwiko ungejikunja ukiuingiza chini ya kipande cha samaki. Taji ni alama ya mji wa Sheffield, ambao ofisi yake ya upimaji ilifunguliwa 1773 na kuendelea kutumia taji hadi 1974, kisha likaja ua waridi. Herufi N inataja mwaka, maana kila mwaka ofisi ilipiga herufi yake, na alfabeti ikiisha inaanza upya kwa umbo jingine. N ya umbo hili la Sheffield ni ya mwaka 1880 kuingia 1881, kwa kuwa herufi ilikuwa ikibadilishwa katikati ya mwaka. Kichwa cha mwanamke ni Malkia Viktoria, risiti ya kwamba ushuru wa serikali umelipwa. Kichwa cha mtawala kilipigwa kwa ajili hiyo kuanzia 1784 hadi 1890, ushuru ulipoondolewa. RM na EH ni Richard Martin na Ebenezer Hall, wa kampuni ya Martin, Hall & Co. ya papo hapo Sheffield.

Tazama pia pete nyembamba ya fedha inayoushika mpini mahali unapokutana na bapa. Mara nyingi nayo ina simba wake mdogo. Alama zikikubaliana, una hakika kwamba mpini na bapa vilizaliwa pamoja na hakuna aliyekuja kuvibadilisha baadaye.

Niseme neno kwa wasomaji wengine wenye vyombo vinavyofanana na vyako. Kampuni hizo hizo za Sheffield na Birmingham zilitengeneza pia vyombo vya kuchovya, hasa baada ya kampuni ya Elkington ya Birmingham kupata hataza ya kuchovya kwa umeme mwaka 1840. Chini ya ule utando wa fedha kuna mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, usio na chembe ya fedha. Wachovyaji walipenda kupiga vijialama vyao ndani ya viboksi vidogo, vimepangwa safu safu, na kwa miaka mingi wengi waliweka hata taji. Kwa jicho la haraka mtu anaona taji na vijiherufi, anasema fedha hii. Kwa hiyo taji peke yake lisikudanganye, tafuta simba. Ukikuta herufi EPNS, hiyo ni ya kuchovya, hakuna mjadala. Na sumaku ambayo watu hupenda kuijaribu haikusaidii kitu hapa, kwa sababu hainasi fedha, na hainasi huo mchanganyiko wa shaba na nikeli pia. Kinyume chake, kukosa simba hakumaanishi kwamba si fedha. Mirashi na vyetezo vya familia za Unguja, Lamu na Mombasa vingi havina muhuri wowote. Masonara wa pwani na Oman waliyeyusha sarafu zilizokuwa zikipita mikononi mwao, hasa ile ya Maria Theresa yenye tarehe ya 1780, ambayo ina fedha sehemu 833 katika 1,000. Ni fedha halali, ya kiwango kingine tu.

Sasa tuje kwenye nakshi, maana hapo ndipo ilipo roho ya vyombo vyako na ndipo huyo fundi anapotaka kupaharibu.

Kaa karibu na dirisha, chukua kioo cha kukuza, uinamishe bapa mpaka mwanga upite kwa ubavu. Fuata mstari mmoja wa jani la kangaga tangu kikonyo hadi ncha. Utaona unaanza mwembamba kama unywele, unapanuka pale jani linapojaa, halafu unakonda tena na kuisha kwa ncha kali. Hakuna mashine iliyofanya hivyo. Mchongaji alishika kalamu fupi ya chuma kigumu, iliyonolewa mdomo wa pembe mbili, kitako chake kikiegemea kiganja. Alikuwa akiisukuma mbele kwa nguvu ya kiganja huku mkono wa pili ukikizungusha chombo juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Mstari ukipinda, ni chombo kilichozunguka, kalamu haikugeuka sana. Akiinua kitako cha kalamu kidogo, inachimba zaidi na mstari unapanuka. Akikishusha, inapanda juu na mstari unakufa. Kila uzi wa fedha uliotoka hapo ulitoka moja kwa moja, na kosa halirudishiki. Ndani ya mfereji utaona kuta mbili laini zinazokutana chini, na kila ukuta unarudisha mwanga upande wake. Ndiyo maana majani yanaonekana kama yanatikisika ukigeuza mwiko. Mchoro wa tindikali huwa na sakafu yenye mikwaruzo na kina kile kile mwanzo hadi mwisho. Mchoro wa mashine huwa na mstari wa upana mmoja usiopumua.

Majani ya kangaga hayakuchaguliwa ovyo. Kizazi hicho cha Waingereza kilikuwa na mapenzi makubwa ya mimea hiyo. Walikwenda kuitafuta mabondeni, wakaipanda ndani ya vioo sebuleni, wakaichora kwenye bilauri, vigae na vyombo vya mezani. Mwiko wa samaki wenye kangaga ni wa miaka yake kabisa, na nakshi na muhuri vinatoa ushahidi mmoja.

Tuje kwenye E, M na H. Tazama tena kwa kioo. Juu ya bapa lote kuna mikwaruzo midogo ya miaka zaidi ya mia ya kufutwa na kutumiwa. Je, mikwaruzo hiyo inapita juu ya kingo za herufi, au herufi ndizo zilizokata mikwaruzo? Kama mikwaruzo imevuka kingo, na kingo zenyewe zimelainika kiasi kwamba ukipitisha ukucha haukwami, basi herufi ni za zamani kama majani. Kama kingo bado zinakwaruza ukucha na mikwaruzo inakatikia kwenye herufi, ziliwekwa baadaye sana. Kwa vile familia yenyewe ndiyo iliyokupa, unaweza kufanya jambo ambalo sisi wakadiriaji mara chache hupata nafasi ya kulifanya: waulize wanawe. Nani alikuwa E, nani M, na H ni ukoo gani? Nyakati hizo vyombo vya samaki vilikuwa zawadi ya harusi ya kawaida kabisa, na huenda unachotaka kumfanyia binti yako alifanyiwa bibi harusi mwingine mwaka 1880 au 1881. Watakachokujibu kiandike kwa kalamu ya risasi kwenye kadi, jina, mji na mwaka, ukiweke ndani ya kisanduku. Chombo chenye herufi zinazojulikana ni za nani kina hadhi tofauti kabisa na chenye herufi za mtu asiyejulikana.

Kwa nini nasisitiza zisifutwe? Kwa sababu herufi haziko juu ya fedha. Ni mashimo. Hakuna namna ya kuliondoa shimo isipokuwa kuishusha fedha yote inayolizunguka mpaka ifikie kina chake. Bapa la mwiko wa samaki ni jembamba. Fundi akipiga msasa hapo katikati utabaki na bonde, na ukibonyeza kwa kidole gumba utasikia linacheza. Msasa hautasimama pembeni mwa herufi pia, utaondoka na ncha za majani yaliyo jirani, zile ncha nyembamba nilizokueleza, ambazo ndizo za kwanza kufa. Halafu mashine ya kung'arisha ikipita, itatoa mng'ao mweupe mkali wa kioo kipya na kula ile rangi tulivu ambayo fedha huipata kwa kufutwa kwa mkono vizazi na vizazi. Mara nyingi chini yake hutokea madoa ya kijivu yenye zambarau, ile shaba iliyoungua ndani ya fedha wakati chombo kilipokuwa kikipitishwa motoni kiwandani. Wafundi wa zamani waliyafunika kwa tabaka la juu la fedha safi. Msasa unaliondoa tabaka, madoa yanatoka nje, na hapo hapana sabuni wala dawa itakayoyaficha. Na baada ya hasara yote hiyo, mtu anayejua akilipulizia bapa pumzi ya mdomo, ule ukungu utamwonyesha mara nyingi kivuli cha herufi zilizokuwapo. Bei itashuka, na herufi hazitakuwa zimeondoka kikamilifu.

Jina la binti yako linaweza kuingia bila kumtoa mtu. Mwiko una nyuma. Chagua nafasi tupu mbali na mihuri, uandikishe majina ya bibi na bwana harusi na mwaka, kwa herufi ndogo. Kwa kuwa hakuna madini yanayoongezwa na umbo halibadiliki, sheria ya mihuri ya Uingereza ya 1973 haivunjwi. Sheria hiyo inakataza kuongeza sehemu mpya au kugeuza umbo la chombo kilichopigwa muhuri bila idhini ya ofisi ya upimaji. Tafuta mchongaji wa mkono. Mwombe akuonyeshe kazi aliyoifanya kwenye fedha, na umtazame mstari wake kwa kioo kama nilivyokueleza. Akikuambia anatumia kompyuta na ncha ya almasi inayokwaruza juu juu, mshukuru uondoke. Birmingham, safari fupi kutoka kwako, ina mtaa mzima wa masonara ambako kazi hii ya mkono bado ipo.

Huyo wa uzito simlaumu, ndiyo biashara yake, lakini elewa anachonunua. Mizani yake inahesabu fedha tu. Katika kila gramu 100 za mabapa yako mna gramu 92.5 za fedha safi, naye atakulipa chini ya bei ya soko ili apate faida yake. Mipini haina uzito kwake: ataivunja na kuitupa, kisha mabapa yaende kwenye tanuru pamoja na kangaga zake. Mwanzoni mwa 1980, bei ya fedha ilipopanda kukaribia dola 50 kwa aunsi, ndugu wa familia ya Hunt wa Texas walipokuwa wakiikusanya sokoni, watu Ulaya na Marekani walipanga foleni kuuza vijiko na masinia ya mababu zao. Bei ilianguka Machi mwaka huo huo. Vilivyoyeyushwa vimekwenda.

Na hiyo mipini ndiyo iliyonifanya nikuambie usikimbilie uwanja wa ndege.

Mipini myeupe iliyoingia unjano kwenye vyombo vya Sheffield vya 1880 inaweza kuwa mfupa, inaweza kuwa seluloidi, yaani plastiki ya zamani, na inaweza sana kuwa pembe ya ndovu. Sheffield ilikuwa mnunuzi mkubwa wa pembe kwa ajili ya mipini ya visu na uma. Pembe nyingi za Afrika Mashariki zilipitia Unguja wakati wa Sayyid Barghash, zikiwa zimeletwa pwani mabegani mwa wapagazi na watumwa kutoka Tabora, Ujiji na Manyema. Hakuna muhuri unaosema tembo aliuawa wapi, ila msomaji wa Kiswahili akiushika mpini wa namna hiyo ana haki ya kuifikiria njia hiyo, na binti yako ana haki ya kuambiwa.

Kutambua, tazama kitako cha mpini kwa kioo chako. Pembe ya ndovu ikikatwa kwa upana huonyesha mistari miembamba iliyopinda inayokatana, na ubavuni ina nyuzi zinazokwenda sambamba bila kufanana sawasawa. Mfupa una vitone na vijifereji vyeusi, ndimo ilimopita mishipa ya damu. Seluloidi, iliyoenea baada ya 1870, ina mistari iliyonyooka na kurudiarudia mno, au haina mistari kabisa. Usijaribu kuchoma kwa sindano ya moto kama watu wanavyoshauriana. Seluloidi hushika moto kwa kasi, na pembe itabaki na kovu.

Ikiwa ni pembe, mambo mawili yanafuata. Uingereza ina Sheria ya Pembe za Ndovu ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inayokataza kununua na kuuza vitu vyenye pembe hata vikiwa vya kale. Kuna msamaha kwa vitu vya kabla ya 3 Machi 1947 ambavyo pembe iliyomo haifiki asilimia 10 ya ujazo wake, lakini mpini mzima wa mwiko unapita hapo bila kupimwa. Kupewa zawadi bila malipo, kama ulivyopewa wewe, na kumpa binti yako, si biashara na hakukatazwi. Kwa maneno mengine, swali la bei limejifunga lenyewe: seti hii haiuzwi ikiwa nzima, ni ya kutunzwa. La pili ni safari. Kuvusha pembe mpaka wowote, ya jana au ya 1880, kunaingia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Ruhusa ya kuitoa Uingereza unaiomba kwa wakala wa serikali uitwao APHA, na kabla ya hapo uwe na jibu la maandishi kutoka Idara ya Wanyamapori ya Wizara ya Maliasili na Utalii kwamba Tanzania itaipokea. Usiitie kwenye begi kwa imani kwamba ni kitu kidogo cha zamani. Afisa anayekagua mizigo Dar es Salaam ataona pembe ya ndovu, na hana sababu ya kuona kingine. Kama muda hautoshi kabla ya Desemba, mpe binti yako picha nzuri na ile kadi siku ya harusi, vyombo vimsubiri Leicester. Vikitokea kuwa mfupa, safiri navyo kwa amani.

Matumizi. Vyombo hivi vilitengenezwa vitumike, nami napenda vitumike. Vilikuwa vya fedha kwa sababu ya limau: chuma cha kawaida cha wakati huo kikikutana na limau kiliingia weusi na kuharibu ladha ya samaki, na chuma kisichoshika kutu hakikujulikana mpaka Harry Brearley alipokitengeneza, huko huko Sheffield, mwaka 1913. Kwa hiyo samaki wa kupaka wa Tanga hatavidhuru, mradi mwiko usilale na ukwaju na chumvi usiku kucha. Chumvi ndiyo adui mkubwa, hula fedha na kuacha vishimo. Baada ya chakula osha bapa mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kausha kwa kitambaa cha pamba. Mipini isilowekwe na isikaribie mashine ya kuoshea vyombo. Pembe na mfupa hupasuka, na ile gundi nyeusi iliyoshika mkia wa bapa ndani ya mpini huyeyuka, kisha mpini unaanza kucheza. Makumbi na mchanga tunavyosugulia masufuria ya nyumbani visifike hapa kabisa, wala dawa za kuchovya na kutoa, wala ile njia ya karatasi ya alumini na magadi. Hizo hutoa hata ule weusi uliotulia ndani ya mifereji ya nakshi, na weusi huo ndio unaoyafanya majani yasomeke. Inatosha dawa laini ya kung'arishia fedha mara moja kwa mwaka, kwa pamba, bila kukandamiza. Usivifunge kwa mpira wala kuvizungushia sufi, vyote vina salfa inayoleta weusi.

Nipigie picha ya kitako cha mpini mmoja, mchana, karibu na dirisha, bila taa ya simu, na nyingine ya pete ya fedha pale panapokutana na bapa. Nikiziona nitaweza kukuambia kama ni pembe au mfupa, nawe utajua kama uanze kuandika barua kwa APHA wiki hii.